Ukalimani wa Kiswahili hospitalini Columbus: simu, skrini na mtu mwenyewe, tulivyoviona wakati mama anaumwa

Habari zenu wapendwa. Naandika hii kwa wenye wazazi huku Marekani wasiojua Kiingereza, au wanaotarajia kuwaleta. Mama yangu aliugua mwaka juzi hapa Columbus, Ohio, na ndani ya wiki 7 tulipitia ukalimani wa hospitali wa kila aina, kwaiyo naona nina cha kusema. Jina la hospitali siweki wala la kampuni ya wakalimani, niliyoyaona yanaweza kumkuta mtu hospitali yoyote.

Nianze na nyota maana wengine hamtafika chini. Mkalimani wa simu nampa 2. Wa skrini 3 na nusu. Mkalimani anayekuja mwenyewe chumbani 5 kamili. Na mimi mtoto wa mgonjwa, niliyejifanya mkalimani kwa siku 4, sifuri, na hiyo ndo sababu kubwa ya kuandika haya yote.

Kwanza haki yenu. Ukalimani hospitalini ni bure kwa mgonjwa. Sheria ya haki za raia ya 1964 inakataza kumbagua mtu kwa asili yake na lugha imo humo, halafu sheria ya bima ya afya ya 2010 kifungu cha 1557 ikakazia kwa upande wa hospitali, yaani hospitali yoyote inayopokea hela ya serikali kuu inatakiwa ikupe mkalimani, isikwambie uje na wako, na isimtumie mtoto mdogo kutafsiri isipokuwa ni dharura ya kufa na kupona na hakuna mtu mwingine. Mwaka 2025 iliondolewa amri ya rais ya 2000 iliyohusu mambo ya lugha, watu wengi wakadhani ndo basi tena. Hapana jamani, kifungu cha 1557 ni sheria ya bunge na hakikufutwa na hilo. Nasema hivi kwa uchungu maana usiku wa kwanza pale emajensi aliyekuwa anatafsiri ni binti yangu wa miaka 13, mimi nikiwa kazini. Mtoto ndo anamuuliza bibi yake kuhusu choo na mkojo, na bibi kwa aibu anajibu "niko salama". Kila swali, niko salama. Kumbe mkojo ulishakuwa kama chai ya rangi siku nyingi.

Nilipofika nikaomba mkalimani, wakaleta simu. Sauti ya kaka mmoja, nadhani wa Kenya, mpole sana, lakini simu inakwaruza na hamwoni mgonjwa. Mama macho yalikuwa yamegeuka njano. Daktari akalitaja neno lao la hiyo hali, yule kaka akatafsiri "daktari anasema una homa ya manjano". Mama akashtuka, akasema mbona sindano ya homa ya manjano alichanjwa kabla ya safari, na hilo nalo likatafsiriwa, daktari akaanza kuuliza alitoka Tanzania lini, aliumwa na mbu, aliishi wapi. Zilipotea kama dakika 20 hivi. Macho ya njano ni dalili, homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, ila ukiwa kwenye simu huoni macho ya mtu utajuaje daktari ananyooshea kidole kitu gani.

Halafu neno homa lenyewe. Sisi watu wa Tanga homa ni mwili kuchemka, kwa wenzetu wengi wa Kenya homa ni mafua. Mama kasema ana homa za usiku wiki 3, ikaandikwa ana mafua.

Na saa! Hii naomba muishike. Mama alikunywa kidonge cha maumivu nyumbani saa mbili asubuhi, mkalimani akaipeleka kwa nesi vilevile ilivyo, mbili, na saa mbili ya kwao ni saa nane yetu ya usiku. Kidonge kilikuwa cha kila baada ya masaa 6. Saa nne asubuhi nesi huyo analeta kingine, kwa hesabu yake yamepita masaa 8, kwa hesabu ya kweli yamepita mawili. Niliwahi kuuliza tu kwa bahati.

Kuna kisa huku Marekani kinajulikana sana kwa watu wa ukalimani, cha Willie Ramirez wa Florida, 1980, kijana wa miaka 18. Familia yake ya Wakuba walisema neno la Kihispania ambalo kwao ni mtu aliyedhurika na alichokula, madaktari wakaelewa amezidisha madawa ya kulevya. Kumbe ni damu inavuja kichwani. Akapooza mikono na miguu, na malipo ya kesi yakafika kama dola milioni 71. Neno moja tu.

Sasa mimi baada ya yale ya simu nikasema basi, nitatafsiri mwenyewe, mama naye akasema bora mwanangu. Mgonjwa mwenyewe akimtaka ndugu yake ambaye ni mtu mzima, wanaruhusu. Siku ya 3 majibu yakatoka. Saratani ya kongosho na imeshafika kwenye ini. Daktari kakaa kwenye kiti, kamshika mama mkono, kaongea taratibu kama dakika 5 nzima, halafu akaniangalia mimi nitafsiri.

Nikamwambia mama: "Anasema una vidonda tumboni, watakupa dawa."

Usiku ule kaka yetu mkubwa yuko Dar alishatuma ujumbe kwenye grupu la familia, mama asiambiwe, atakata tamaa atakufa kwa mawazo kabla ya ugonjwa. Wajomba wote wakaunga mkono. Na mi niliamini hivyo hivyo kwa moyo wangu wote, sikuwa nadanganya kwa ubaya. Kwetu mgonjwa habebeshwi habari ya kifo chake, ndugu ndo wanaibeba, wanakaa nje ya wodi wanalia, wanafuta macho, wanaingia wanacheka nae. Nilivyolelewa huo ndo upendo.

Lakini daktari si mjinga. Dakika 5 za maneno yake zimekuwa sentensi moja, na uso wa mama haujabadilika. Akauliza kwa upole kama mama ameelewa, nikasema ndio. Kesho yake ikaletwa skrini.

Skrini ni kama tableti kubwa kwenye mti wenye magurudumu, unamwona mkalimani na yeye anawaona. Uzuri wake ilipatikana haraka, haikuzidi dakika 3, na kijana aliyetokea alianza na "shikamoo mama" kabla ya kitu chochote, mama akaitika marahaba uso ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu tuingie pale. Daktari wa kizungu hawezi kujua shikamoo inafanya nini kwa mtu mzima aliyelala na kigauni cha hospitali mgongo wazi.

Ubaya wake, hakuna aliyemweleza mama wakalimani wanavyofanya kazi. Wao wanasema "mimi" kana kwamba ndo daktari. Kijana akasema "mimi nitapitisha mpira mdomoni kwako niweke mrija kwenye njia ya nyongo", mama akanigeukia, "huyu mtoto wa kwenye tivii ndo atanifanyia?" Akakataa kusaini. Tukachelewa siku nzima mrija ule wa kupunguza umanjano na kuwashwa, wakati mama anajikuna mpaka ngozi inatoka. Kingine intaneti inaganda, na inaganda palepale penye neno zito.

Kisha ikaja siku ya fomu. Hapa nieleze kidogo maana hata mi nilikuwa nawachukia kwa hizi fomu zao. Tangu sheria ya 1990, iliyoanza kazi Desemba 1991, hospitali huku zinatakiwa kumuuliza mtu mzima akilazwa kama ameandika anachotaka afanyiwe siku akishindwa kusema. Mwaka huohuo wa 1990 ilikuwepo kesi ya Nancy Cruzan wa Missouri, alipata ajali ya gari 1983 akabaki hajitambui miaka na miaka, analishwa kwa mrija, wazazi wake wakasema binti yetu asingetaka kuishi hivi, ikafika mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi. Kwaiyo kile tunachokiona ni ukavu wao wa kuuliza uuliza habari za kufa kwenye makaratasi, nyuma yake kuna familia zilizoteseka kwa kutojua mgonjwa wao angetaka nini. Nilivyoelewa hivyo hasira ikapungua.

Ila swali lilivyokuja kwa Kiswahili! Mkalimani wa skrini, siku hiyo mwingine, akamuuliza mama: "Ukifa, unataka madaktari wakufufue?"

Mama akasema astaghfirullah, kufufua ni kazi ya Mwenyezi Mungu. Ikatafsiriwa kwa daktari, anasema hilo ni la Mungu peke yake. Daktari akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akaandika. Asubuhi naona mama kavalishwa bangili ya zambarau, nauliza ya nini, nesi ananambia ni alama kwamba moyo ukisimama asiguswe, mgonjwa mwenyewe alikataa kwa sababu ya dini.

Hakukataa kitu! Alikuwa anajibu swali la kiyama. Sikuwahi kutetemeka kama siku ile, maana mkalimani hakukosea kamusi, kufufua ndo neno wanalotumia, lakini kule kwetu Tanga hakuna Muislamu wa Ngamiani wala Mkristo wa Muheza utakayemuuliza hivyo akaelewa unaongelea kukandamizwa kifua. Nilipiga kelele mpaka akaja mama mmoja wa kamati ya maadili ya hospitali, na huyu namshukuru, alivua ile bangili palepale, akaandika upya kwenye faili, akasema kuanzia leo mazungumzo makubwa yote ni kwa mkalimani wa ana kwa ana.

Akaja dada mmoja wa makamo, kajitanda mtandio, lafudhi ya pwani. Kabla hajaingia kwa mama alikaa na sisi nje na yule wa maadili, dakika 15. Akaniambia mambo mawili. Moja, akiwa mle ndani kila anachosikia atakitafsiri, hata nikinong'ona nae atakisema kwa Kiingereza, kwaiyo nisilotaka lijulikane nisilisemee mle. Mbili, hawezi kunisaidia kuficha, ndo maadili ya kazi yake, lakini anaweza kumwomba daktari aulize kwanza kabla ya kusema. Kisha akamgeukia yule mama wa maadili akamweleza kwamba kwa familia nyingi za kwetu habari mbaya hupitia kwa mkubwa wa nyumba kwanza, na kwamba si watu wajinga wala hawamdharau mgonjwa. Mi hapo nililia, kwa sababu wiki nzima nilikuwa naonekana kama mtu mbaya.

Yule mama wa maadili akasema hata wao hawakuwa hivi zamani. Mwaka 1961 madaktari wa Chicago waliulizwa, kama asilimia 90 wakasema kwa kawaida hawamwambii mgonjwa kwamba ana saratani. Ilipofika 1979 walipoulizwa madaktari wa hospitali nyingine, asilimia 97 wakasema wanaambia. Miaka 18 tu. Akaongeza utafiti wa Los Angeles wa 1995, wazee 800 wa jamii 4, kama mgonjwa aambiwe saratani iliyosambaa: Wamarekani weusi asilimia 88 walisema ndio, weupe 87, wenye asili ya Mexico 65, Wakorea 47. Nikamwambia sasa unaona, na sisi tuko na Wakorea. Akanijibu kitu ambacho nimekishika mpaka leo, kwamba hata kwa Wakorea kuna karibu nusu waliotaka kuambiwa, na wewe hujui mama yako yuko nusu ipi, hujamuuliza.

Kweli sikuwa nimemuuliza. Hakuna aliyemuuliza. Kaka, wajomba, mimi, tulikaa baraza nzima juu ya mama bila mama.

Tukaingia. Kaka yuko kwenye simu kutoka Dar, huku saa 10 jioni kule saa 5 usiku. Dada mkalimani akamwamkia mama, akajieleza, mimi si daktari ni mdomo wa daktari na mdomo wako, nikisema "mimi" ni yeye anasema. Mama akacheka kidogo, ahaa. Halafu daktari akauliza swali moja, na dada akalileta hivi: "Mama, majibu yako yapo. Watu wengine hupenda waambiwe wenyewe kila kitu, wengine hupenda waambiwe wanao ndo wazungumze na daktari. Wewe unapenda vipi?"

Mama alinyamaza kidogo. Akasema, habari za dawa na mashine na mapicha yenu ongeeni na mwanangu mkubwa, mi sizitaki, zinanichosha. Lakini siku zangu msinifiche. Nimemzika mume, nimezika dada zangu wawili na nimewaosha kwa mikono yangu, mtu anayeondoka namjua, na huyu mwanangu tangu juzi ananiambia vidonda huku macho yamevimba. Nina deni la laki nne la bibi wa kanga barabara ya 8. Na lile shamba la minazi la Pangani nataka kuusia kabla ulimi haujawa mzito.

Kaka kule kwenye simu tulisikia tu anapumua.

Deni na wosia, mambo ambayo kila Muislamu anayajua, kwamba deni la maiti hulipwa kabla mirathi haijagawanywa, na wosia mwisho wake theluthi, sisi watoto wake tulisahau yote tukabaki na "atakata tamaa". Na ona alivyoigawa mwenyewe. Hakutaka ya Wamarekani ya kumwagiwa kila kitu, wala ya kwetu ya kufunikwa shuka. Alichukua siku zake, akatuachia sisi mashine.

Daktari akamwambia ni miezi, si miaka. Dripu za kemo, yaani dawa za saratani, zingeweza kuongeza muda kidogo lakini zingemfunga huku. Mama akauliza swali moja tu, naweza kupanda ndege? Kwa ule mrija kukaa vizuri na dawa za maumivu, ndio, lakini mapema. Akasema basi twende nyumbani.

Swali la moyo kusimama nalo likaulizwa upya na safari hii kwa Kiswahili cha watu. Moyo ukisimama wenyewe, wanaweza kukandamiza kifua kwa nguvu, mbavu zinaweza kuvunjika, wapige shoti ya umeme, waweke mrija wa kupumulia kooni, na kwa ugonjwa ulipofika mara nyingi haisaidii. Wajaribu, au wakuache upumzike wabaki kukutuliza maumivu? Mama akajibu waniache, ila wanilaze kuelekea kibla na awepo wa kunisomea. Ikaandikwa kwenye faili, na jioni ile manesi wawili walisukuma kitanda kikaangalia kaskazini mashariki. Akavaa bangili ileile ya zambarau. Safari hii aliijua ni ya nini.

Kwenye fomu ya msemaji wa mgonjwa walitaka jina moja, kwetu maamuzi ni baraza, hapo tulivutana kidogo na wajomba lakini ikaandikwa yangu kwa sababu ndo niko huku, na pembeni wakaruhusu kuandika kwamba nitashauriana na kaka kwanza. Kumbe inaruhusiwa, ukiuliza.

Ya kulalamikia kwa huyu wa ana kwa ana ni mawili. Anawekwa kwa apointimenti, siku 2 kabla, usiku na wikiendi hayupo. Na ni wachache mno, ukitokea Congo ndo kazi zaidi, kuna mama wa Bukavu jirani yetu wodini kaletewa mkalimani wa Kiswahili cha Dar hawasikilizani nusu ya maneno na kila mmoja anaona aibu kusema. Ukijiandikisha sema Kiswahili cha wapi, na kama Kibembe au Kinyarwanda ndo unachokielewa vizuri taja hicho. Sema pia unataka mwanamke au mwanaume. Na mkiona tafsiri haieleweki semeni palepale, mna haki ya kuomba mwingine, hawachukii.

Siku ya kutoka mama alimpa yule dada doti ya kanga mpya. Akakataa, maadili yao hayaruhusu kupokea vitu vya thamani kwa mgonjwa. Niliomba hata namba yake ya simu, nayo hapana. Mama akamwambia basi inama, akamwekea mkono kichwani akamwombea dua ndefu, na ile haikutafsiriwa, daktari na nesi walisimama tu kimya mpaka ikaisha.

Mama alikaa Tanga wiki 11. Kule wana tiba shufaa, ya kumtuliza mgonjwa maumivu, morfini ya maji kaka alikuwa anaifuata Dar, na mwanzoni mama aliiogopa kwamba ni ya kulevya mpaka nesi alipomweleza. Bibi wa barabara ya 8 alilipwa laki nne zake mkononi, mama akiwa amekaa barazani anaangalia.